Reale yenye tundu ina kosa gani?

Wakusanyaji wa sarafu za kale wana desturi ya kuipa kila sarafu alama kuanzia 1 hadi 70, mfano wa mwalimu anayesahihisha mtihani. Kipimo hicho kilitungwa na Mmarekani William Sheldon, aliyekitoa kitabuni mwaka 1949. Yeye alikuwa akipima senti kubwa za shaba za kwao, na alikusudia kwamba sarafu ya alama 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya alama 1. Bei zilimkimbia zamani, kipimo kikabaki.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba sarafu mpya haina majeraha. Ikitoka kiwandani hutiwa mfukoni pamoja na nyingine, zikagongana na kuachiana vibonyeo. Hizo ambazo hazijapata kutumika hupewa kati ya 60 na 70, na kinachozitenga hasa ni wingi wa alama hizo, ukubwa wake, na mahali zilipo. Chukua shilingi ya Afrika Mashariki ya zama za Mfalme George V. Mkwaruzo ukiwa katika manyoya ya simba hujificha. Uo huo ukiwa shavuni mwa mfalme, bei hushuka. Hapo sina ugomvi nao.

Wala sina ugomvi nao juu ya usafishaji. Mtu akiokota sarafu nyeusi katika sanduku la bibi yake, mara huitia ndimu na majivu akaisugua. Inang'aa, naam! Lakini chini ya kioo cha kukuzia huonekana mikwaruzo myembamba isiyo na idadi, na ule mng'aro wa kiwandani umekwisha, wala haurudi tena. Weusi ule ulikuwa ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani tu, haukumdhuru mtu.

Ugomvi wangu ni juu ya tundu. Wazee wa pwani waliijua reale ya Sham, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, uzito wake gramu 28 na kitu. Wengi waliitoboa, au sonara akaitia kitanzi, ikavaliwa mkufuni. Leo ukiipeleka kwa wapimaji, kwa kawaida hawaipi namba. Huandika kwamba imeharibiwa, basi.

Jambo hili halina haki, na sababu yake imo katika sarafu yenyewe. Malkia alifariki mwaka 1780, na reale zote zilizofuliwa baada yake zina mwaka huo huo, ziwe zimetoka Vienna, London, Rome au Bombay. Reale isiyo na doa yaweza kuwa imetoka kiwandani juzi, kwani Vienna ingali inazifua. Mwaka ulioandikwa hausemi kitu. Ile iliyolika usoni, yenye tundu ambalo kingo zake zimelainishwa na uzi wa miaka mingi, hiyo ndiyo inayokuonyesha kwamba ilikuwa mali ya mtu.

Tena wapimaji hao hao hulegeza kamba wakipenda. Dola ya biashara ya Marekani, iliyoanza kufuliwa mwaka 1873 kwa soko la Uchina, ilipigwa mihuri na wafanyabiashara wa huko kuthibitisha kwamba ni fedha safi. Siku hizi dola zenye mihuri hiyo hupewa namba, na wapo wanaozitafuta kwa sababu ya mihuri yenyewe. Je, muhuri wa mfanyabiashara una heshima kuliko tundu la mkufu wa bibi harusi?

Wakati wakibishana, reale zetu zinauzwa kwa uzito na kuyeyushwa. Ikiwa unayo nyumbani, usiisugue. Na kabla sonara hajaiweka mizanini, mwulize mama au nyanya ilitobolewa lini na ilivaliwa katika harusi ya nani, uliandike jibu lake katika kikaratasi, ukikunje pamoja nayo.