Hesabu Ngumu au Lugha Ngumu? Kinachowakwamisha Wanafunzi wa Mbulu na Hanang

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kilio ni kilekile: hesabu. Mwaka 2022 takribani mtahiniwa mmoja kati ya watano ndiye aliyefaulu Hisabati nchini. Mwaka 2023 ikawa karibu mmoja kati ya wanne. Lawama hugawanywa kwa walimu, uhaba wa vitabu na "uvivu" wa watoto. Ila ukitazama wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, kuna sababu nyingine isiyosemwa sana: lugha.

Lugha tatu kabla ya kidato cha pili

Huku kuna Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wabarabaig wenye lugha ya Kiniloti, Wanyaturu ambao ni Wabantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana. Kwa watoto wengi wa vijijini, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili.

Mtoto wa Kiiraqw nyumbani anahesabu wak, tsar, tam. Darasa la kwanza anaanza upya: moja, mbili, tatu. Akifika sekondari anaanza tena, safari hii kwa Kiingereza.

Chukua mfano mdogo. Shule ya msingi anaulizwa mzingo wa shamba lenye urefu wa meta 40 na upana wa meta 25. Anajumlisha, anazidisha kwa mbili, anapata meta 130. Kidato cha kwanza swali lilelile linakuja na neno "perimeter". Anabaki ametoa macho. Hesabu haijabadilika hata kidogo, ni maneno tu.

Na huyohuyo ukimkuta siku ya mnada anauza vitunguu saumu, anapiga bei ya kilo tatu na nusu na kurudisha chenji bila kalamu. Kichwa kipo.

Mjadala wa miaka 40

Jambo hili si geni. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili. Serikali haikukubali. Sera ya Elimu ya 2014 ikafungua mlango wa Kiswahili kwa ngazi zote, lakini toleo lake la 2023 limerudisha msimamo wa zamani: msingi Kiswahili, sekondari na kuendelea Kiingereza.

Kilichoongezwa ni somo la Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Ni hatua nzuri, lakini inamtegemea mwalimu. Kama mwalimu mwenyewe Kiingereza kinamsumbua, miaka ya kusoma itaongezeka na mtoto atabaki palepale.

Kifaransa na Kichina je?

Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa hadi 65, na lugha zikapewa kundi lake. Kwa Manyara hiyo ni fursa ya kweli. Tarangire, Ziwa Manyara na Ngorongoro ziko jirani, na muongoza watalii anayejua Kifaransa au Kichina hakosi kazi kirahisi.

Tatizo ni kwamba huwezi kuchagua tahasusi ambayo somo lake hukulisoma kidato cha kwanza hadi cha nne. Shule ya kata isiyo na mwalimu wa Kifaransa haina cha kuchagua. Tahasusi zinakuwa nyingi kwenye karatasi, chache darasani.

Nini kifanyike

Kuna mambo yasiyohitaji kusubiri sera nyingine. Wiki za mwanzo za kidato cha kwanza zitumike kufundisha msamiati wa hesabu, neno kwa neno, Kiswahili na Kiingereza vikiwa ubaoni pamoja. Shule zipewe kamusi ndogo ya maneno hayo. Na mwalimu mmoja wa lugha ya kigeni anaweza kuzunguka shule mbili au tatu za jirani kwa zamu.

Anayefeli Hisabati anafungiwa njia ya uhandisi na uhasibu akiwa na miaka 17 hivi. Kama kilichomwangusha ni neno na si namba, basi wilaya hizi zinapoteza mafundi na wahasibu ambao tayari zinao.