Sukari ya chai na makaa ya jiko

Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani tofauti kati ya mabadiliko ya kimaumbile na mabadiliko ya kikemia, mara nyingi hukimbilia jibu moja: ya kwanza hurudi hali ya awali, ya pili hayarudi. Likipelekwa jikoni, jibu hilo halifiki mbali. Sukuma wiki ikishakatwakatwa hakuna awezaye kuiunganisha tena, na bado ni sukuma wiki ile ile. Betri ya gari nayo hubadilika kikemia kila inapotumika, kisha ikichajiwa hurudi ilivyokuwa.

Swali la maana ni hili: je, kitu kipya kimezaliwa? Koroga sukari katika maji. Haionekani tena, lakini utamu upo, na maji yakikauka utaikuta chini ya kikombe. Ndivyo chumvi inavyopatikana kule Magarini, kaunti ya Kilifi, ambako maji ya bahari huachwa mabwawani yakaushwe na jua na upepo. Sukari hiyo hiyo ikiachwa katika sufuria kavu juu ya moto mkali hugeuka kahawia, ikatoa harufu, mwishowe ikawa kitu cheusi kichungu. Hapo hata ufanyeje, utamu haurudi, kwa sababu sukari yenyewe haipo. Kilichobaki hasa ni kaboni.

Mshumaa ndio mwalimu mzuri zaidi, maana una yote mawili. Nta inayotiririka ubavuni ni nta tu, ikipoa inaganda. Inayopanda utambini hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Stima zikipotea, mtu mzima na awaonyeshe watoto: zima mshumaa, kisha upeleke kiberiti kinachowaka kwenye ule moshi mweupe, karibu na utambi bila kuugusa. Moto utaruka wenyewe kuufuata utambi.

Sasa tuje kwenye jiko la makaa, na hapa mzazi asiruke aya. Makaa hayapungui kwa kuyeyuka. Kaboni yake inaungana na oksijeni ya chumbani. Hewa ikiwa tele, hutoka kaboni daioksaidi. Hewa ikiwa haba, kama katika chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi ya Julai, hutoka kwa wingi kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu. Haina rangi, haina harufu, wala haikohozi mtu. Katika damu hung'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe.

Wengi husubiri moshi uishe, makaa yawe mekundu, ndipo waingize jiko ndani wakidhani hatari imekwisha. Moshi si kipimo. Makaa mekundu ndiyo yanayotoa gesi hiyo bila kuonekana. Kuweka sufuria ya maji kando ya jiko hakusaidii pia, kwani gesi hiyo karibu haiyeyuki majini. Jiko na likae nje, hasa wakati wa kulala.

Anayeanza kuumwa na kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu jiko likiwa ndani, atolewe nje mara moja, milango ifunguliwe, na apelekwe hospitalini hata kama amepata nafuu njiani. Wengine waliokuwa chumba hicho, hata waliolala usingizi, waamshwe na kutolewa pia.