Tafakari ya Juma: Mwili Si Kitambaa cha Kupeleka kwa Fundi



Wapendwa waamini, juma hili tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa tutazungumza jambo ambalo wengi hawakutazamia kulisikia kutoka kwa padre. Tutazungumza juu ya upasuaji wa kunyonya mafuta mwilini.

Siku chache zilizopita alitujia mama mmoja wa jumuiya zetu, mkaanga chapati na maandazi, mwenye watoto watatu. Alitaka tumtilie sahihi fomu ya mkopo. Tulipomwuliza mkopo ni wa nini, aliinamisha kichwa kwa muda, kisha akasema kwamba amechoka na tumbo lake, na kwamba ameona tangazo katika simu la kliniki inayoahidi kulimaliza kwa saa mbili tu, aingie asubuhi na kutoka jioni akiwa na umbo jipya. Hatukutia sahihi. Tulianza kumweleza habari za kiasi na shukrani kwa maumbile ya Mungu, naye akatukatiza kwa upole: “Baba, ninyi hamjawahi kuchekwa kwenye daladala.” Tulinyamaza. Tafakari hii imezaliwa katika ukimya ule.

Tuseme wazi tangu mwanzo tunampinga nani. Hatumpingi mama huyu, wala hatuwapingi madaktari bingwa wa upasuaji rekebishi, ambao kazi yao huwarudishia heshima walioungua moto, waliopata ajali za bodaboda na waliokatwa titi kwa sababu ya saratani. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku chache kabla ya kufariki kwake, Papa Pio wa Kumi na Mbili alizungumza na madaktari wa fani hiyo kutoka Italia, akafundisha kwamba upasuaji wa kurekebisha sura si dhambi kwa asili yake, bali hupimwa kwa nia, kwa sababu na kwa hatari yake kwa afya. Asitokee basi mtu wa kusema kwamba Kanisa limekataza. Tunachokipinga ni uongo unaouzwa Kinondoni na Temeke, Sinza na Mbagala, kwamba kunyonya mafuta ni kama kwenda kusuka nywele.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Mgonjwa hupewa usingizi au ganzi. Daktari humimina chini ya ngozi maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na dawa ya kubana mishipa ya damu ili kupunguza kuvuja damu. Kisha hutoboa matundu madogo na kuingiza mrija wa chuma uliounganishwa na mashine ya kuvuta, akiusukuma mbele na nyuma ili kuyabandua mafuta na kuyatoa. Mbinu hii ilienezwa na daktari Mfaransa Yves-Gérard Illouz mwishoni mwa miaka ya 1970, na imeboreshwa sana tangu wakati huo. Hata hivyo bado ni upasuaji. Jeraha kubwa liko ndani, chini ya ngozi, mahali ambapo picha za matangazo hazifiki.

Sasa tufanye hesabu ambayo wauzaji hawaifanyi. Kwa madaktari wa Marekani, kutoa zaidi ya lita 5 kwa mara moja huhesabiwa kuwa kiwango kikubwa, na mgonjwa wa namna hiyo hutakiwa kulala chini ya uangalizi. Lita moja ya mafuta haifiki kilo moja. Mwenye kilo 110 atakayetolewa lita 5 atarudi nyumbani akiwa bado na zaidi ya kilo 105. Je, hilo ndilo aliloahidiwa? Upasuaji huu ni wa kurekebisha umbo la mtu ambaye uzito wake tayari umekaribia kuwa sawa. Si tiba ya unene.

Wala si tiba ya kisukari au shinikizo la damu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wanawake 15 wanene walionyonywa mafuta mengi, takriban kilo 10 kila mmoja. Walipopimwa wiki 10 hadi 12 baadaye, sukari yao, shinikizo la damu na mafuta katika damu havikuwa vimepata nafuu ya maana. Sababu si ngumu kuielewa. Mrija hutoa mafuta yaliyo chini ya ngozi. Yale yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo yenye madhara zaidi, haufiki kwake. Anayekopa fedha ili apone kisukari kwa njia hii amedanganywa.

Je, baada ya upasuaji mtu atarajie nini? Siku moja au mbili za kwanza, matundu huvuja maji yenye rangi ya damu na kulowanisha shuka. Mwili huvimba na kuvilia damu, na kwa siku kadhaa mtu huweza kuonekana mnene kuliko alivyoingia. Huvaa nguo maalumu ya kubana, usiku na mchana, kwa wiki kadhaa, na tunaomba mkumbuke joto la Dar es Salaam katika mwezi wa Februari. Hutakiwa kutembea polepole tangu siku ya kwanza ili damu isigande miguuni, lakini kubeba ndoo za maji, kukanda unga na kusimama kutwa mbele ya jiko vitasubiri. Ganzi ya ngozi huweza kudumu kwa wiki au miezi. Umbo la mwisho huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita, na ngozi iliyolegea haikazwi na mrija. Tena, mlo usipobadilika, mafuta yaliyobaki hukua, na uzito hurudi. Tunamwuliza mwenye tangazo: mama anayeishi kwa mauzo ya kila siku, nani atakaanga chapati katika wiki hizo, na rejesho la mkopo litatoka wapi?

Kuna pia kifo, ambacho matangazo hayakitaji kamwe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 juu ya kazi za madaktari bingwa wa Marekani ulikadiria kifo kimoja katika kila upasuaji 5,000 hivi, na sababu kuu ilikuwa bonge la damu lililosafiri hadi kwenye mapafu. Kuhamishia mafuta kwenye makalio, jambo linalotafutwa sana na mabinti zetu, kulionekana kuwa hatari zaidi. Mwaka 2018 vyama vya madaktari hao vilionya kwamba huenda kifo ni kimoja katika kila 3,000.

Msidhani kwamba hatari hii huwapata maskini peke yao. Tarehe 23 Oktoba 2005 Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wa wakati huo, alifariki huko Hispania baada ya upasuaji wa namna hii. Mahakama ilielezwa kwamba mrija uliingia ndani ya tumbo, ukatoboa utumbo na kujeruhi ini. Mwaka 2009 daktari wake alihukumiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Karibu nasi zaidi, mwezi Oktoba 2024 mwanamke mmoja wa Kenya alifariki siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa namna hii katika kliniki binafsi jijini Nairobi, na mamlaka ya madaktari ya nchi hiyo ikaamuru kliniki hiyo ifungwe.

Hapa wengine watatuambia: “Mwili ni wangu na fedha ni zangu.” Tunajibu kwamba uhuru bila ukweli ni mtego. Anayeamua baada ya kuelezwa faida tu, bila kuelezwa hatari, hajaamua, ameamuliwa. Na wengine, walio wacha Mungu kwa midomo, watasema kwamba waliokufa wamevuna walichopanda. Hao tunawakemea kwa ukali zaidi. Ni nani aliyempanda mama yule aibu? Je, si sisi? Ni mume anayemlinganisha mkewe na wasichana wa kwenye video. Ni mashoga wanaomtania kwa nyama uzembe zake katika kitchen party. Ni wanakwaya wanaocheka sare inapombana. Tunamcheka mtu mwaka mzima, kisha tunashangaa kwamba ametafuta kisu. Katekisimu, katika namba 2289, inatuonya tusiufanye mwili kuwa sanamu ya kuabudiwa na kutolewa sadaka ya kila kitu. Onyo hilo linamhusu anayejitoa sadaka, na linamhusu zaidi anayemsukuma mwenzake kwenye madhabahu hiyo.

Hatuwezi kuwafungia mlango wenye nia ya kufanya upasuaji. Huduma za upasuaji wa kurekebisha mwonekano zipo hata katika hospitali ya umma. Muhimbili ilizianza katika tawi lake la Mloganzila mwaka 2023. Mwenye nia asikimbilie basi tangazo la simu. Aulize kama daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kama ni bingwa wa upasuaji rekebishi kweli. Aulize nani atasimamia usingizi, ni lita ngapi zitakazotolewa, na mambo yakiharibika usiku atapelekwa wapi. Apimwe damu, moyo, sukari na shinikizo kwanza, na ataje dawa zote anazotumia, za mitishamba pia. Kliniki inayochukizwa na maswali haya haistahili kuguswa na mwili wa mkristo wala wa asiye mkristo. Na baada ya upasuaji, akibanwa pumzi, akiumwa kifua, akivimba na kuumwa mguu mmoja, akipata homa, usaha au maumivu makali ya tumbo, asingoje kupambazuke. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Mama yule alirudi juzi. Amepimwa katika zahanati, na shinikizo lake la damu limeonekana kuwa juu. Ameanza dawa, na jioni anatembea na wenzake wawili wa jumuiya. Fomu ya mkopo bado iko mezani kwetu. Hajatuambia kwamba ameacha nia yake, nasi hatukumlazimisha aseme. Tulimwomba radhi kwa mahubiri yetu ya siku ile, kwa maana tulimhubiria kabla ya kumsikiliza.

Wapendwa, Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu. Hekalu hufanyiwa matengenezo, ndiyo, lakini kwa mikono ya mafundi wanaojua kazi yao, na halitupiwi mawe na wale wanaosali ndani yake. Juma hili kila jumuiya ijiulize: ni nani kati yetu tumemtupia jiwe kwa mzaha? Twende tukamwombe radhi kabla hajatafuta mkopo.

Mungu awabariki nyote.