Candace na ofisi tupu

Jana usiku nimemaliza Severance, riwaya ya Ling Ma iliyotoka Marekani mwaka 2018. Ndiyo, kabla ya Korona. Homa ya Shen inaanzia Shenzhen, China, na mgonjwa hafi papo hapo. Anarudia mazoea yake tu: anaandaa meza, anaondoa vyombo, anaandaa tena, mpaka mwili unaisha. Sisi waandishi wa programu tunaujua huo mzunguko usio na pa kutokea.

Lakini wagonjwa hawakunitisha. Aliyenitisha ni Candace, mzima kabisa, msichana anayesimamia uchapishaji wa Biblia katika kampuni ya New York. Anaahidiwa donge nono akibaki ofisini hadi mkataba uishe. Jiji linabaki tupu, yeye bado anaenda kazini. Mwishowe analala hukohuko.

Ukisoma harakaharaka utasema ni dhihaka kwa vijana waliochoshwa na kazi wasijue wanataka nini. Mimi sikubali. Wazazi wake walihama kutoka Fuzhou, wote wamekufa, hana kwao pa kurudi. Kazi ndiyo inayomngojea asubuhi.

Mwaka 2020, kafyu ilipoanza hapa Kenya Machi 27, nilihamisha kompyuta hadi meza ya kulia chakula. Kila siku saa tatu kamili nilituma ripoti ya mradi. Mradi wenyewe (nilikuja kuambiwa baadaye) ulikuwa umeshafutwa. Nilituma mpaka Juni.