Kliniki imempa shosh alama poa, lakini chai bado anashika na kushoto

Wasee, hii imenikaa kwa roho wiki mbili, wacha niiseme.

Shosh yangu alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia. Mimi ndiye humpeleka kliniki, maana niliacha chuo na ratiba najipangia. Huko hupimwa kwa mtihani unaitwa Fugl-Meyer, ulitoka Uswidi mwaka 1975. Inua mkono, kunja kiwiko, fungua vidole, bana karatasi na kidole gumba. Kila kitendo ni 0, 1 ama 2. Mkono mzima kabisa hupata 66.

Alama za shosh zimepanda. Tulifurahi hadi tukanunua soda. Lakini nyumbani? Kikombe, kushoto. Simu, kushoto. Kufunga leso, ananiita mimi. Mkono wa kulia umekaa mapajani kama mgeni hajakaribishwa.

Kumbe kuweza si kutumia. Watafiti wamewafunga wagonjwa sensa za mwendo kwa mikono yote miwili, kama saa, wakaenda nazo nyumbani. Mtu asiye na kiharusi hutumia mikono yote karibu sawa kwa siku. Lakini wagonjwa wengi alama za kliniki zilipanda, na mkono nyumbani ukabaki palepale. Mwanzoni mkono ulijaribu ukashindwa, basi mtu akazoea kuuacha.

Sisemi mtihani utupwe. Unaonyesha mkono unaweza nini. Nasema mkono upimwe pia pale unapoishi.

Na sisi watu wa nyumbani tuko na makosa. Shosh akinyoosha mkono kuchukua kijiko, tushamletea. Tunaita mapenzi, kumbe tunaunyima mkono kazi.

Sensa hatuna. Tuna kalenda ya ukuta na biro. Mkono wa kulia ukishika kitu bila kukumbushwa, napiga mstari. Siku ya kwanza mistari 4. Jana 19, na mmoja ni kofi nilipigwa kwa mgongo nikichelewesha chai. Nimeuhesabu, mkono ni mkono.

Kliniki ijayo naenda na hiyo kalenda, mtaalamu aione.

Kama kwenu kuna mtu anapona kiharusi, usiishie kuuliza amepata ngapi. Mwekee kikombe karibu na ule mkono, usikijaze, chai isiwe moto. Halafu kaa chini, nyamaza, ungoje.