Vespa ya zamani ikaguliwe namba kabla ya bei

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo gari haipenyi, vespa imekuwa chombo cha kazi kwa miongo mingi. Hubeba ndoo ya samaki kutoka Malindi, vifurushi vya viungo kwenda Darajani na, jioni, baba na watoto wawili. Lakini vespa ya miaka ya 1960 hivi sasa ina mnunuzi wa pili, naye ni mpenzi wa vyombo vya kale, ambaye hulipa zaidi akihakikishiwa kuwa chombo ni halisi.

Palipo na bei nzuri, ujanja haukosi. Bodi ya vespa moja hufungwa injini ya nyingine, matundu ya kutu yakazibwa kwa puti, juu ikapigwa rangi mpya inayong'ara. Mfanyabiashara mdogo aliyeuza mbuzi wake ili apate usafiri hulipa bei ya chombo kizima, akapewa viraka.

Dawa ya hila hiyo ni namba. Piaggio, kampuni ya Italia iliyoanza kutengeneza vespa mwaka 1946, hugonga namba mbili, moja kwenye bodi na nyingine kwenye injini. Vespa 150 ya aina ya VBB, iliyoanza kutoka mwaka 1960, huandikwa VBB1T kwenye bodi na VBB1M kwenye injini. PX 150, iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1970, huwa VLX1T na VLX1M. Herufi T ni ya bodi na M ni ya injini, kwa Kitaliano. Namba ya bodi hutafutwa baada ya kufungua kava la upande wa injini. Ya injini iko kwenye mkono wa injini, karibu na shokapu ya nyuma.

Hapa wengi hukosea. Tarakimu zinazofuata herufi hizo hazilazimiki kulingana, kwa kuwa kiwandani bodi na injini zilihesabiwa mbalimbali. Kinachotakiwa kuoana ni aina. Bodi ya VBB yenye injini ya VLX inaweza kutembea vizuri sana, pengine kuliko ilivyokuwa mwanzo, lakini si chombo halisi na bei yake iwe ya chini. Mwaka nao hausomeki ndani ya namba. Hupatikana kwa kulinganisha tarakimu hizo na orodha za uzalishaji. Magurudumu pia husema: VBB hutumia ya inchi 8, PX ya inchi 10.

Vespa za India zisidharauliwe. Bajaj ilizitengeneza kwa leseni ya Piaggio hadi mwaka 1971, na LML ilishirikiana na Piaggio tangu miaka ya 1980. Ni imara, ila zina namba za kwao. Kosa ni kubandika nembo ya Italia na kuziuza kwa bei ya Italia.

Wenye gereji nao wanapaswa kuambiwa. Fundi anayepiga msasa mpaka namba ikafutika, hata kwa nia njema ya kuondoa kutu, anaondoa thamani ya mali ya mteja wake. Namba iliyofutika au kugongwa upya pia humtia mwenye chombo mashakani mbele ya polisi, kwani hakuna anayeweza kuonyesha kwamba hakikuibiwa.

Ofisi ya usajili wa vyombo vya moto ingesaidia sana iwapo kila uhamisho wa umiliki ungefanyika baada ya chombo chenyewe kuonwa na namba kusomwa kwenye chuma, badala ya kunakiliwa kutoka kadi kuukuu. Hadi hapo, mnunuzi achukue karatasi nyembamba na penseli, aiweke juu ya namba na kuisugua, kisha alinganishe alichopata na kadi kabla hajatoa hata shilingi ya arubuni. Muuzaji akikataa kava lisifunguliwe, aachiwe vespa yake.