Mashine ya kisasa haitoshi kuhakikisha miwani ni sahihi

MNUNUZI wa miwani hudhani kwamba kazi muhimu imekamilika pindi mtaalamu anapomaliza kumpima macho. Hata hivyo, kuna kipimo kingine ambacho aghalabu hakioni kikifanywa, nacho ni kile cha lenzi zenyewe baada ya kukatwa na kutiwa kwenye fremu. Hapo ndipo hubainika iwapo kilichotengenezwa ndicho kilichoagizwa.

Kifaa kinachotumika ni lensomita. Kuna ile ya mkono, ambapo fundi huchungulia na kuzungusha gurudumu hadi mistari ionekane dhahiri, kisha akasoma namba. Kuna pia ile ya kujiendesha yenyewe, iliyoanza kuingia sokoni miaka ya 1970, ambayo hupitisha miale kwenye lenzi, ikapima jinsi inavyopinda na kuonyesha jibu kwenye skrini kwa muda mfupi mno. Ya pili ni ghali mara kadhaa kuliko ya kwanza, na ndiyo inayomezewa mate na wengi wenye maduka.

Suala hili si la mafundi pekee. Ripoti ya Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) ya mwaka wa 2019 ilieleza kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana matatizo ya kuona, na kwamba kwa angalau bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Mnamo Mei 2024 shirika hilo lilizindua mpango wa SPECS 2030 wa kusaidia mataifa kuwafikishia miwani wanaoihitaji. Miwani ikizidi kusambazwa bila kukaguliwa, makosa nayo yatasambaa.

Makosa yenyewe huwa madogo kwa macho ya fundi na makubwa kwa mvaaji. Chukua lenzi ya nguvu ya dayopta 6 kwa mtu asiyeona mbali. Iwapo kitovu chake kitakosa mboni ya jicho kwa milimita 5 tu, lenzi hiyo itapindua miale kwa kiasi cha prizimu 3. Mvaaji ataumwa na kichwa, ataona ngazi zikiyumba, na pengine ataitupa miwani sandukuni akiamini kuwa macho yake ndiyo yameharibika zaidi.

Je, mashine ya kisasa inaondoa hatari hii? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Udhaifu mkubwa wa kifaa cha mkono ni fundi mwenyewe. Asiporekebisha kwanza kioo cha kuchungulia kilingane na jicho lake, kila namba atakayosoma siku hiyo itakuwa na kasoro ile ile. Uchovu nao huongeza makosa, hasa katika karakana inayotoa miwani mingi kwa siku. Isitoshe, lenzi ambazo nguvu yake hubadilika taratibu kutoka juu hadi chini, zinazopendwa na waliovuka miaka 40, ni usumbufu kuzisoma kwa mkono. Katika kazi hizo mbili mashine ya kujiendesha inastahili bei yake.

Lakini mashine hiyo nayo hutegemea binadamu. Lenzi ikiwa na uchafu, au isipolala sawasawa juu ya kishikio, itatoa jibu lisilo sahihi bila kusita. Sehemu ya chini ya fremu isipogusa ubao barabara, pembe ya lenzi itasomwa vibaya katika vifaa vyote viwili. La kutia wasiwasi zaidi ni mtindo wa kuiwekea mashine ikadirie jibu hadi robo dayopta iliyo karibu. Lenzi iliyopungua kwa sehemu ya kumi ya dayopta huonekana kamilifu kwenye skrini, na pengo likapita bila yeyote kulitambua. Kwa kijana aliyejifunza kubofya kitufe pekee, karatasi iliyochapishwa huwa kama hukumu isiyokatiwa rufaa.

Kuna pia suala la stima. Mnamo Agosti 25, 2023 umeme ulipotea karibu nchini kote, na watumiaji wa mitambo ya umeme wasio na jenereta walilazimika kungoja. Kifaa cha mkono kinahitaji taa ndogo tu, na baadhi yake hutumia betri za kawaida. Kwa kliniki inayohamahama kati ya Turkana na Marsabit, hilo si jambo dogo. Aidha, kikiharibika, mara nyingi ni balbu iliyoungua, ilhali mashine ya kompyuta huhitaji mtaalamu na vipuri vya kuagizwa.

Kaunti, ambazo zimekuwa zikisimamia hospitali nyingi za umma tangu 2013, ndizo zitakazoamua vifaa gani vinunuliwe. Ununuzi wa busara ungekuwa mashine moja ya kujiendesha katika hospitali ya rufaa ambako kazi ni nyingi, na vifaa vya mkono katika hospitali ndogo, pamoja na fedha za kufunza wanaovitumia. Kila kituo kingepewa pia lenzi chache ambazo nguvu zake zinajulikana, za kupimia kifaa chenyewe asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Gharama ya lenzi hizo haifikii hata sehemu ndogo ya bei ya mashine, lakini ni nadra kuziona kwenye orodha za zabuni.